Siku Gundi Alipoomba Kazi

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Gundi, na msidhani ni kwa sababu ya lile kopo lililokuwa wazi mbele yake kutwa. Ni ukaaji wake. Akishaketi kwenye kigoda asubuhi, kiatu kimebanwa magotini, msharasi wa kutobolea ngozi mkononi, hakuna wa kumbandua. Mvua inyeshe, jua liwake, majirani wagombane mpaka wapatane, yeye yupo pale pale. Mchumba wake alikuwa na msemo wake, kwamba siku ya kiyama wengine watakapofufuka, Gundi atasema subirini kwanza, gundi haijakauka.

Duka lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati wa kukunja na dirisha la kutazama barabara. Upande wa kulia yeye na viatu vyake. Upande wa kushoto alikaa mchumba mwenyewe, mshona mikoba, mwanamke mrefu mwenye kicheko cha kuanzia tumboni. Alikuja kukodi kona ya kuweka cherehani, akaishia kuuchukua na moyo wa mwenye duka, na kodi ya pango ikafa kifo cha kawaida. Walianza kwa kugombea mkasi, wakaja wakagawana chai, na sasa tumbo lilikuwa kubwa kiasi kwamba cherehani ilibidi isogezwe. Ndoa ilikuwa imepangwa kwa msajili, mwezi uliofuata, bila makuu.

Kuna mambo mawili ya kumjua Gundi, na bila hayo hadithi hii haiendi popote.

La kwanza, hakuwahi kuajiriwa. Yaani aliajiriwa siku moja. Ujanani alipata kazi kwenye kiwanda cha viatu, na huko ukitaka kwenda msalani sharti uombe kadi kwa msimamizi, na kadi yenyewe ilikuwa moja kwa ukumbi mzima. Siku hiyo hiyo ya kwanza tumbo likamchafuka, na kadi iko kwa mwingine. Yaliyompata si ya kusimulia mbele za watu wenye heshima zao. Alitoka getini bila hata kurudia koti lake, akala kiapo kwamba hatamwomba binadamu ruhusa tena maisha yake yote. Kiapo hicho alimsimulia kila mteja. Wateja wa siku nyingi walikijua kwa moyo, akikohoa katikati wanamalizia wao.

La pili ni baba yake. Naye alikuwa fundi viatu, Mungu amrehemu, na siku Gundi alipozaliwa mtu alitumwa mbio dukani kumpa mzee habari. Mzee hakuinua hata uso. Akasema, "Mwambie mama mtoto nakuja, nimalizie kisigino hiki." Kisigino kikaleta kisigino kingine, na kingine kikaja na ndugu zake, na mzee akafika kumwona mwanawe siku ya tatu, bado ana misumari midogo mdomoni. Basi hiyo ndiyo ilikuwa burudani ya ukoo. Kila wakikutana, lazima mtu aisimulie, na wa kucheka kuliko wote alikuwa Gundi.

Siku moja mshona mikoba akaweka chini mkoba aliokuwa anaushona, akasema, "Mwenzangu, mtoto anakuja, ndoa inakuja, mwaka unakwisha. Twende kwa mtu anayeijua kodi kabla kodi haijatujua sisi."

Mtu huyo alikuwa Mama Risiti. Alifanya kazi ofisi ya kodi mpaka akastaafu, na sasa alikuwa na chumba juu ya duka la dawa, akiwasaidia wafanyabiashara wadogo. Jina lilitokana na salamu yake. Wengine husema hujambo, yeye alisema risiti ziko wapi. Gundi akamletea zake ndani ya mabuti mawili ya mvua, kwa sababu kwake risiti zilikaa kwenye viatu ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua. Kulikuwa na jozi nyingine, ila hiyo aliiuza kwa bahati mbaya na risiti za mwaka mzima zikiwa ndani. Mnunuzi alilalamika kwamba vinabana.

Mama Risiti aliyamimina mabuti mezani, akapiga chafya, akawatazama juu ya miwani yake.

"Wanangu, mmekuja kwa wakati. Sheria yetu inasema hivi. Mkifunga ndoa kabla mwaka haujakwisha, mnahesabiwa wanandoa kwa mwaka mzima. Mtoto naye akizaliwa kabla mwaka haujakwisha, hata kama ni jioni ya siku ya mwisho, anahesabiwa kana kwamba mmemlisha tangu mwezi wa kwanza. Kwa hiyo huyo aliyeko tumboni ataingiza kabla hajaanza kula. Watoto wa namna hiyo ni adimu, mtunzeni."

Mshona mikoba akaanza kucheka. Gundi naye akatabasamu, mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

"Sasa," Mama Risiti akaendelea, "mkishaoana, nyumba moja inapata nafuu kwa biashara moja tu. Viatu na mikoba iwe kitu kimoja. Mmoja atakuwa mwenye biashara, mwingine atakuwa mwajiriwa wake."

"Mimi ndiye mwenye biashara," Gundi akasema, haraka kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Usirukie gari linakwenda. Sikiliza. Mama mzazi ana stahili yake ya uzazi, awe na mwajiri, asiwe naye. Baba hana. Baba mwenye biashara akifunga duka ili akae na mtoto, amefunga kwa hasara yake. Lakini baba mwajiriwa ana likizo ya mwezi mzima, na mshahara wa mwezi huo hautozwi kodi. Tena biashara iliyo kwa jina la mama inapunguziwa kodi mwaka anaojifungua. Nimeigeuza huku, nimeigeuza kule, jibu ni lile lile. Mikoba iajiri viatu."

Mshona mikoba alicheka mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili. Gundi hakucheka. Shingo ilimwingia mabegani kama kobe.

"Yaani mimi niwe kibarua wa mke wangu?"

"Kibarua hulipwa kwa siku," Mama Risiti akasema. "Wewe utakuwa mfanyakazi wa kudumu. Uamuzi nauhitaji kabla hamjatia saini ya ndoa. Baada ya hapo ni mpaka mwaka mwingine. Na haya mabuti, ondoka nayo."

Wakashika njia ya kurudi. Kufika kwenye kona ya duka, mshona mikoba akamshika mkono. "Sikiliza, Gundi. Mimi naolewa na wewe, siolewi na nafuu ya kodi. Ukitaka kuwa mwenye biashara, kuwa. Amua wewe, sitakusukuma."

Na kweli hakumsukuma. Hapo ndipo alipomweza, kwa sababu mtu anayesukumwa anaweza kukaza miguu, lakini asiyesukumwa atakaza miguu dhidi ya nani? Gundi akaamua kuwapa wateja kesi hiyo, akijua watamtetea. Watu ni watu. Mmoja akamuuliza kama atavaa sare. Mwingine akataka kujua akichelewa kazini atakatwa mshahara au atanyimwa chakula cha jioni. Mwalimu mstaafu, mteja wake wa tangu enzi, mtu anayekanyaga upande upande hata visigino vyake vinakwisha kama sabuni, alisema, "Fundi, na kile kiapo chako?" Gundi akagonga msumari uliokuwa umekwishaingia.

Kuna kitu kingine kilichokuwa kinangoja uamuzi pale dukani. Tangu waambiwe kuna mtoto, Gundi alikuwa anamshonea viatu vya kwanza, vya ngozi laini, vya kukaa ndani ya kiganja. Kimoja alikimaliza mapema, na mama mtoto akakitundika juu ya cherehani. Cha pili kilikatwa, kikawekwa rafuni, kikabaki hapo. Kila alipokigusa, mteja akaingia. Mwenye duka hana wa kumwambia niko kwenye shughuli nyingine.

Ikafika siku ya kliniki. Gundi aliahidi, na safari hii alikuwa na nia hasa, shati safi alilivaa tangu asubuhi. Alikuwa ameshauvuta mlango wa bati nusu, mama mkwe amesimama nje na mwavuli wake, mshona mikoba ameshavuka kizingiti. Mara akatokea mtu anachechemea, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. "Fundi, nisaidie. Ni kidogo tu."

Gundi akakitazama kile kiatu. Akamgeukia mchumba wake. "Tangulieni," akasema, "nakuja nyuma yenu, nimalizie kisigino hiki."

Wala hakukisikia alichosema. Wale wawili wakaenda. Kisigino kikaisha, na alipotaka kuinuka, mwingine alikuwa mlangoni, na nyuma ya huyo mwingine palikuwa na mwingine. Alipoinua kichwa mara ya mwisho akaona miguu anayoijua imesimama mbele yake, imevimba kidogo, ndani ya viatu alivyovishona mwenyewe.

Hakuja na hasira. Afadhali angekuja nayo. Aliketi kwenye kiti chake, uso unang'aa, akasema, "Tumeusikia moyo wake. Muuguzi aliweka kile chombo hapa tumboni, tukausikia chumba kizima. Unakwenda kama nyundo yako ukiwa na haraka. Mama alilia. Mimi nikageuka nikutazame, nikakumbuka hupo."

Gundi alikaa na nyundo mkononi. "Unakwendaje?" akauliza.

Mshona mikoba akamgongea mezani kwa kidole kilichovaa kastabini, kile kikofia cha chuma cha washonaji, tak tak tak, kwa haraka na wepesi. Gundi akamwomba agonge tena. Akagonga tena. Halafu mshona mikoba akasema amechoka, anakwenda nyumbani kunyoosha miguu, akambusu utosini na kuondoka.

Hapo ndipo maneno yake mwenyewe yalipomrudia. Nimalizie kisigino hiki. Akajaribu kuicheka ile hadithi ya baba yake kama alivyozoea, kicheko kikagoma. Aliona aibu, aibu ya mtu mzima peke yake, ambayo huna hata wa kumsingizia. Aliumia. Baba yake alikuwa mtu mwema na hakuwa na bosi, na kwa kuwa hakuwa na bosi hakuwa na wa kumwambia nenda nyumbani kamwone mwanao. Gundi alivuta mlango mapema siku ile, watu wakadhani kuna msiba.

Asubuhi mshona mikoba alipofika, alikuta duka limefungwa na Gundi amesimama nje. Alikuwa amechana nywele. Alikuwa amevaa lile shati la harusi, ambalo walikubaliana lisiguswe mpaka siku yenyewe, na mikono ameiweka nyuma.

"Umepoteza funguo?"

"Funguo ninazo. Nimekuja kuomba kazi."

Alitaka kucheka, lakini aliona jasho linamtiririka Gundi pembeni mwa masikio, na jua lilikuwa bado halijapanda. Akazichukua funguo, akafungua, akaingia na kuketi kwenye kiti chake. Gundi alipotaka kukaa kigodani, akamzuia kwa kidole.

"Anayeomba kazi husimama. Umewahi kuajiriwa?"

"Siku moja."

"Kwa nini uliacha?"

"Walininyima ruhusa ya kwenda msalani."

"Hapa choo kiko nyuma, hakina kadi. Unaweza kazi gani?"

"Viatu."

"Wote husema hivyo. Nitakupa jaribio." Akainuka taratibu, akatoa rafuni ile ngozi iliyokatwa, akaiweka juu ya meza ya kazi. "Nishonee hiki, leo hii. Na mteja akija?"

Gundi akaishika ile ngozi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na huyu alikuwa ameshavua mpaka kiapo. "Mteja atasubiri," akasema.

Akakaa, akaupaka uzi nta, akaanza. Na kwa vile dunia haina adabu, hakuwa amepiga mishono mingi mwalimu mstaafu akaingia, kisigino kinaning'inia.

"Fundi, niwekee msumari mmoja, nina safari."

"Kaa, mwalimu. Niko kwenye jaribio la kazi."

"La kazi gani?"

"Hii hii."

Mwalimu akaangalia mmoja, akaangalia mwingine, akakaa kwenye benchi, akavua kiatu chake na kusubiri. Gundi alishona bila haraka. Ulipokwisha mshono wa mwisho akakata uzi kwa meno, akakinyoosha kile kiatu kwenye kiganja, akamkabidhi mwenye kumpima. Mshona mikoba akakishusha kile cha kwanza kutoka juu ya cherehani, akaviweka viwili sambamba mezani. Akavitazama, mdomo ukaanza kumcheza.

"Umepata kazi," akasema, na machozi yakamtoka. Gundi naye yakamtoka. Mwalimu, ambaye alikuja kwa sababu ya msumari tu, akajikuta anatafuta leso.

"Lakini nina ombi," Gundi akasema, akifuta macho. Na hapo alisimama tena, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la kusimamia. "Naomba ruhusa. Mtoto akija, naomba likizo yangu, niwe naye."

"Umekubaliwa," bosi wake akasema. "Sasa mshonee mwalimu wa watu."

Mama Risiti alipopelekewa uamuzi hakuonesha kushangaa. Alisema wanaume wa kiapo anawajua, hukawia kidogo ila wakija huja wazima, akamwagiza Gundi anunue kasha la risiti lenye mfuniko. Siku ya ndoa msajili akauliza kazi ya bwana harusi. "Mwajiriwa," akajibu, kifua mbele. Msajili akauliza wa nani. "Wa huyu hapa," akasema, akimwonesha bibi harusi kwa kidevu, na mama mkwe akadakia kutoka nyuma kwamba basi mkwe wake asichelewe kazini. Walicheka mpaka msajili akakosea tarehe, ikabidi aandike upya.

Baadaye, wakinywa chai, ami yake Gundi akaanza ile hadithi ya ukoo. Alifika kwenye kisigino, watu wakaangua kicheko kama kawaida. Gundi safari hii hakucheka, na kwa kuwa hakucheka alipata nafasi ya kutazama. Akamwona mama yake, mwisho wa meza, anazungusha kijiko kwenye kikombe ambacho chai ilikwishaisha. Hakuwa anacheka. Gundi akatafuta kichwani siku ambayo mama yake aliwahi kuicheka hadithi ile, hakuipata. Akainuka, akaenda kukaa karibu naye, akamjazia kikombe.

Mtoto alizaliwa kabla mwaka haujakwisha, wa kike, mwenye kelele. Mama Risiti alikuja kumwona na kumkagua kidole kwa kidole kana kwamba alimwagiza yeye. Dukani mlango wa bati ulivutwa na kufungwa. Nyumbani, kwenye vyumba viwili mtaa wa nyuma, Gundi alijifunza kubeba kitu kisichobanwa kwa magoti, na bibi wa mtoto, mama yake Gundi, alikuja kusaidia akakuta hakuna cha kusaidia. Nepi zimefuliwa, maji yako motoni, mwanawe anatembea chumbani na mtoto begani, anahesabu mapigo ya moyo wake.

Wakiwa hivyo, mlango ukagongwa. Gundi akafungua kwa bega. Ni mwalimu, kiatu mkononi.

"Hongera sana, fundi. Mungu amkuze. Sasa sikiliza, najua hali, lakini ni kisigino tu."

"Siwezi, mwalimu. Niko likizo."

"Likizo? Nani kakupa likizo wewe?"

"Bosi wangu. Na amelala, kwa hiyo punguza sauti."

Akaurudisha mlango taratibu. Alipogeuka, mama yake alikuwa ameketi pembeni ya kitanda, mkono mdomoni, mabega yanamtikisika. Gundi alidhani analia, akaharakisha kwenda kwake. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akamwamsha bosi, na bosi alipouliza kuna nini, mama hakuweza kujibu, akawa anaonesha mlango tu, anaonesha mlango na kufuta macho.